Mjonso, Mfumo na Boti ya Zahanati: Kuielewa Tiba ya Watongwe

Mabishano kuhusu tiba asili hayaishi kwa sababu wanaobishana mara nyingi hawazungumzii jambo moja. Mmoja anamkumbuka bibi yake aliyekuwa akimchemshia majani machungu tumbo linapomsokota. Wa pili anamfikiria mpiga ramli aliyetaja jina, na usiku huohuo nyumba ya ajuza ikachomwa moto. Wa tatu alizaliwa mikononi mwa mkunga wa jadi, na wadogo zake wote pia. Wa nne amesoma bango kwenye nguzo ya umeme la mtu anayetibu kisukari, ugumba na kesi za mahakamani kwa chupa ileile. Wote wanaita tiba asili.

Fundo hili haliwezi kufunguliwa kwa kuizungumzia Afrika nzima. Nitakaa na jamii moja, Watongwe wa Kigoma, kwa sababu kwao karibu kila uzi wa suala hili unaonekana: mti ambao sayansi imeupima, mganga, mkunga, mpiga ramli, msitu uliofungwa, na zahanati iliyo mbali.

Watongwe ni watu wachache. Nchi yao ya asili inaanzia mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenye Milima ya Mahale na kuingia bara kwenye miombo ya upande wa Ugalla, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma na Mkoa wa Katavi. Lugha yao inakaribiana sana na Kibende. Waliishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika, wakilima mahindi na muhogo, wakivua, wakiwinda, wakirina asali. Mlima Nkungwe, wenye mita 2,462, kwao ni mlima wa kuheshimiwa, makao ya mizimu. Mganga wao anaitwa mfumo, na wakiwa wengi ni bafumo. Mtafiti Mjapani Makoto Kakeya aliishi nao miaka ya 1970 akiandika juu ya uganga wao, na picha inayopatikana haifanani na ile ya sinema za mchawi na kibuyu.

Mtu akiugua, dawa ya kwanza hutoka nyumbani. Mama, bibi au mzee wa boma anajua miti kadhaa ya homa, ya kuharisha, ya kidonda, ya minyoo. Hii haina tunguri wala malipo, na ndiyo sehemu kubwa ya tiba asili kuliko watu wa nje wanavyodhani. Ugonjwa ukigoma ndipo linapokuja swali la pili: kwa nini unagoma? Hapo mfumo anaitwa, na majibu yanayowezekana ni matatu. Huenda ni ugonjwa tu, wa Mungu. Huenda wazee waliotangulia au mizimu haijaridhika. Au kuna mkono wa mtu. Dawa anayoitoa mfumo mara nyingi ina sehemu mbili: mti, na kitu cha ishara kinachoambatana nao. Anayetaka kuelewa ni lazima azione sehemu zote mbili, kwa sababu mgonjwa anazipokea pamoja wakati maabara inaweza kupima moja tu.

Na moja imepimwa.

Novemba 1987, ndani ya Mahale, sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku alionekana mgonjwa. Alikuwa mlegevu, alilala mchana wenzake wakila, mkojo wake ulikuwa wa rangi nzito. Alikwenda kwenye kichaka cha mjonso, akavuta machipukizi, akamenya ganda na majani akayatupa, akatafuna moyo wa shina, akafyonza maji yake machungu na kutema makapi. Waliokuwa wakimfuatilia walikuwa wawili: mtafiti Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa mitishamba aliyefanya kazi na watafiti hifadhini. Mzee Kalunde ndiye aliyemwambia mwenzake kuwa mti huo ni dawa, dawa ya nguvu, na kwamba Watongwe wanautumia kwa maumivu ya tumbo, minyoo na homa. Alasiri ya siku iliyofuata Chausiku alikuwa anakula na kutembea vizuri. Wawili hao waliandika pamoja matokeo yao na kuyachapisha mwaka 1989, jina la Mzee Kalunde likiwa kwenye andiko. Nalisisitiza hilo kwa sababu mara nyingi mwenyeji hubaki kuwa "mwongoza njia" katika shukrani za mwisho.

Mjonso ni Vernonia amygdalina kwa jina la kitaalamu. Jirani zetu Warundi wanauita umubirizi, na Afrika Magharibi majani yake huoshwa uchungu na kuliwa kama mboga. Wanakemia wa Kijapani, akina Koshimizu na Ohigashi, waliuchambua na kukuta ndani yake viambato kadhaa vichungu, vikiwamo vernodalini na vernoniosidi B1, vyenye uwezo dhidi ya vimelea. Kisa cha pili, cha mwaka 1991, kilihesabiwa kwa darubini: sokwe jike mwingine alitafuna mjonso, na mayai ya minyoo katika choo chake yakashuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 ndani ya saa 20.

Watu wengi wakisikia habari hii wanaishia kwenye "dawa zetu zinafanya kazi". Mimi naona somo kubwa liko kwenye kile ambacho Chausiku alikitupa. Vernodalini iliyo kwenye majani na ganda ni nyingi na ni sumu. Moyo wa shina ni salama zaidi. Sokwe hula moyo tu, kwa dakika chache, na wazima walio karibu kwa kawaida hawaugusi. Mtongwe naye ana namna yake ya kuloweka, ana kiasi, ana siku. Mti uleule, sehemu tofauti, kiasi tofauti, ni dawa au ni sumu. Elimu ya mfumo mzuri imekaa hasa hapo, katika sehemu ipi, kiasi gani, nani na lini. Jina la mti ndilo jambo dogo kuliko yote, na ndilo pekee linalosafiri kwa urahisi.

Kuna simulizi nyingine ya ukoo wa Mzee Kalunde, ya Babu Kalunde. Wakati wa mlipuko wa kuharisha damu kijijini, alimwona nungunungu mchanga mgonjwa wa dalili zilezile akichimbua mizizi ya mmea uitwao mulengelele na kuila. Wanakijiji walijua mmea huo kuwa ni sumu na hawakutaka kuusogelea. Babu alionja kwanza yeye mwenyewe, kidogo, mbele yao. Wakaamini, wakatumia, na ukoo wake umeendelea kuutumia. Tazama hatua zake: kuangalia, kushuku, kujaribu kwa kiasi kidogo, kuweka rehani mwili wake kabla ya mwili wa mwingine. Anayeuita huo ushirikina hajasikiliza.

Homa inaposhuka yenyewe

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa tiba asili hawapendi kuusikia. Kuharisha kwingi kwa mtu mzima hupona bila dawa yoyote. Mafua hupona. Mtu akinywa mchemsho siku ya tatu na akapona siku ya nne, mti unapata sifa ambayo pengine ni ya mwili wake. Kwa maradhi ya namna hii hakuna hasara kubwa. Mgonjwa kapona, na kama mti haukudhuru, basi.

Malaria haiko hivyo, na Kigoma ni nchi ya malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiwa juu kuliko yote Tanzania Bara: karibu watoto 24 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 7. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Mtoto anachemka usiku, ananyweshwa kitu kichungu alfajiri, asubuhi amepoa na anacheza. Mama anapumua. Kumbe vimelea viko vilevile katika damu vikizaliana, na jioni homa inarudi na degedege. Kwa mtoto mdogo, kutoka homa ya kawaida hadi malaria kali inaweza kuwa siku moja au mbili tu. Kupoa huko kwa asubuhi kumewadanganya wazazi wengi wenye akili timamu na upendo wote.

Degedege lenyewe lina mzigo wake. Sehemu nyingi za Tanzania lilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa mdudu au wa pepo, na wazee walionya kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Onyo hilo halikutoka hewani. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa tayari amezimia kwa siku nzima alichomwa sindano na akafa, na watu waliona kwa macho yao sindano ikitangulia kifo. Huwezi kulivunja wazo hilo kwa dharau. Linavunjika pale mtoto anapowahi, anapimwa kwa kipimo cha haraka, anachomwa artesuneti, sindano ya malaria kali, na kurudi nyumbani mzima, na jirani anamwona.

Malale ni mfano wa kusikitisha zaidi. Miombo ya Kigoma na Tabora ina mbung'o, nzi wanaoambukiza ugonjwa huu, na wanyamapori kama pongo hubeba vimelea bila kuugua. Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, mtu hubadilika tabia: anagomba ovyo, anasinzia mchana na kukesha usiku, anaongea yasiyoeleweka. Kwa mtu asiye na darubini, hii ina sura zote za kurogwa au za mizimu. Mfumo akikaa na mgonjwa huyo wiki tatu za kuagua, hamfanyii ubaya kwa makusudi. Anasoma alama kwa kitabu alichorithi. Lakini malale ya upande wetu wa Afrika huua ndani ya miezi michache, na tone la damu chini ya darubini lingesema ukweli mapema. Dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Kinachokosekana ni mtu wa kufikiria malale mapema.

Kipindupindu nitakipitia kwa haraka kwa kuwa hakina utata. Mwambao wa Tanganyika umekiona mara nyingi, ukiwamo mlipuko wa Kagunga mwezi Mei 2015 wakati wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukoni. Anayemwaga maji yote ya mwili hahitaji mti. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari, au dripu, saa hiyohiyo.

Wakunga, chale na vilimi

Mkunga wa jadi anakaa karibu, anaijua familia, anaongea lugha ya mzazi na hamfokei. Haya si mambo madogo. Mwanamke aliyewahi kutukanwa kitandani na mhudumu hawezi kuambiwa tu "jifungulie kituoni" akaridhika. Hata hivyo damu ikianza kutoka baada ya mtoto kuzaliwa, dakika ndizo zinazoamua, na hakuna jani linalofanya kazi ya sindano ya kukaza kizazi, ya kuongezewa damu au ya chumba cha upasuaji. Hatari nyingine ni dawa za kuongeza uchungu. Baadhi zina nguvu kweli, na hiyo nguvu ndiyo shida, kwa sababu hakuna anayejua imeingia kiasi gani. Kwa mwenye kovu la upasuaji, au mwenye mtoto aliyekaa vibaya, kizazi kinaweza kupasuka.

Kigoma imeonyesha njia hapa. Tangu mwaka 2006 vituo kadhaa vya vijijini viliongezewa vyumba vya upasuaji, na matabibu wasio na shahada ya udaktari wakafunzwa kufanya upasuaji wa uzazi na kutoa dawa ya usingizi. Huduma ilisogea kwa watu, na akina mama wakaifuata. Mimi nalichukua hili kuwa ushahidi kwamba maneno mengi tunayoyasema kuhusu "imani za wananchi" ni maneno ya kukwepa kuzungumzia umbali.

Kuna mambo mawili ya kuachwa bila mjadala. Kukata kilimi cha mtoto anayekohoa hakutibu kikohozi. Kunaleta damu, maambukizi na wakati mwingine kifo. Na kuchanja chale kwa wembe mmoja watu watatu ni kupeana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Chale kwa anayeziamini, basi wembe wake mpya, wa kwake peke yake.

Umbali

Vijiji vingi vya mwambao wa kusini vinafikika kwa maji kuliko kwa barabara. Mgonjwa husafirishwa kwa boti la mbao lenye mashine, na boti linahitaji mafuta, nahodha na ziwa lililotulia. Upepo wa kusini ukivuma, hakuna anayeondoka. Mfumo yuko nyumba ya tano. Anapokea kuku, au anapokea ahadi. Ukifika zahanati unaweza kuambiwa dawa zimekwisha, kanunue duka la dawa muhimu, na hela yote imeishia kwenye mafuta ya boti. Familia inayoanza kwa mfumo katika hali hiyo imepiga hesabu yake, na kwa hela iliyo mfukoni hesabu hiyo haina kosa kubwa.

Umbali una upande mwingine usiosemwa: Watongwe nao wamewekwa mbali na dawa zao. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, waliokuwa wakiishi ndani ya milima, Kasoge ikiwamo, walihamishiwa vijiji vya pamoja. Mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,613, na kuchimba mzizi humo ni kosa. Sipingi hifadhi, bila hiyo sokwe wangekwisha, na bila sokwe habari ya Chausiku isingekuwapo. Lakini ni haki kusema kwamba maktaba ilifungwa na wasomaji wake wakabaki nje. Mfumo alijua mti kwa bonde lake, kwa mawe yaliyo karibu, kwa msimu. Mjukuu aliyekulia kijiji cha barabarani anajua jina, pengine kwa Kiswahili tu. Nishida na Uehara wa Japani walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe mwaka 1981. Ni kazi ya thamani kubwa, ila orodha inautaja mti, haimwambii mtu achukue kiasi gani.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na bango la nguzoni. Muuzaji wa chupa amelichukua jina la mti kutoka kwa wazee na kuacha kipimo nyuma. Hamjui mgonjwa, hatakuwapo kesho akizidiwa, hajaonja mwenyewe kama Babu Kalunde. Anasema inatibu kila kitu. Mfumo wa zamani angeona aibu kusema hivyo, maana dawa yake ilikuwa ya mtu huyu, kwa ugonjwa huu, wiki hii. Mwenye kisukari anayekunywa vidonge vya hospitali na kuongeza mchemsho wa mjonso kila siku anaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwenye ini au figo dhaifu anaongeza mzigo bila kujua.

Kutaja jina la mtu

Nimeacha ramli mwisho kwa sababu sitaki ichafue yaliyotangulia. Pale mfumo anaposema ugonjwa una mkono wa mtu na kumtaja, tiba imekwisha na jambo lingine limeanza. Kusini-magharibi mwa Tanzania wanaijua kamchape, vikundi vinavyozunguka vijijini vikidai kuwafichua wachawi. Mizizi yake ni vuguvugu lililotoka Nyasaland, Malawi ya leo, miaka ya 1930. Wanaoumia ni vikongwe, wajane, watu wasio na mtetezi. Wapiga ramli wamehusishwa pia na mauaji ya watu wenye ualbino, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, kisha mamia ya waganga wakakamatwa.

Sheria zenyewe zilishatenganisha mambo haya. Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928, na inagusa shutuma na vitisho. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, ndiyo iliyounda Baraza linalosajili waganga, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili imekuwa ikichunguza miti tangu ilipoanza kama kitengo mwaka 1974. Mganga anayetibu ana mahali pa kusajiliwa. Anayetaja majina hana, na hapaswi kupewa kivuli cha neno "asili".

Kwa anayeishi huko au aliye na wazazi huko, mambo ya kufanya ni machache. Homa ya mtoto ni kipimo kwanza, siku hiyohiyo, hata kama amepoa asubuhi. Uchungu wa mjonso usubiri majibu. Mtu mzima aliyebadilika tabia baada ya kukaa porini, kwenye asali au uvuvi wa mito ya Ugalla, apimwe damu kwa ajili ya malale. Mjamzito aliyefika mwezi wa tisa na anaishi ng'ambo ya ghuba asogee karibu na kituo kabla uchungu haujaanza, na mkunga wake aende naye. Ukifika mbele ya tabibu, mwambie umekunywa nini, mti gani, sehemu gani, lini. Na tabibu aulize swali hilo kwa sauti ileile anayoulizia umri, kwa sababu akikunja uso mara moja, hataambiwa tena, na atampa mgonjwa dawa juu ya dawa asiyoijua. Halmashauri zina waratibu wa tiba asili. Huyo ndiye wa kuulizwa kama mganga fulani amesajiliwa, na ndiye anayeweza kuwakutanisha mfumo na mhudumu wa zahanati wakakubaliana dalili zipi mfumo asizishike hata saa moja: mtoto asiyenyonya, degedege, damu ya uzazi, shingo iliyokakamaa, macho ya njano.

Mengine yanahitaji wakubwa zaidi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa, inataka jamii iliyotunza maarifa ya mmea igawiwe faida mmea huo unapozaa dawa ya kuuzwa. Kwa Watongwe jambo hilo linaweza kuanza kwa udogo: wazee waliobaki waruhusiwe kuingia na askari wa hifadhi kwa siku maalumu, wakiwa na vijana wao, wawaonyeshe kila mti mahali ulipo, sehemu inayochukuliwa na kiasi chake, na kijana aandike kwa Kitongwe.